Saa Moja ya Mazungumzo: Imetoka Wapi, na Juu ya Nini Tusiiache



Mwenye alikuwa kwenye mkutano wa mwezi uliopita anajua namna tuliachana. Tulitoka na roho nzito. Kikundi kimoja kilileta wazo hili: tangu sasa, tukikutana, tufungue kwa sala, tutoe mchango, tuhesabu likelemba, tuandike wagonjwa na vilio, kisha kila mtu arudi kwake. Ile saa moja ya mazungumzo na masomo, ambayo tuko nayo tangu mwanzo, iondolewe. Mama mmoja alisema wazi: "Miye nilikuyaka hapa juu ya kusaidiana, haikuwa juu ya kubishana. Ile siku ya mambo ya lupango, ilibakia kidogo tu tupigane." Hakusema uongo. Na papa mmoja akaongeza: "Masomo ni ya batoto. Siye tunatafuta makuta."

Mkutano mkuu ndio utakata maneno. Mbele ya siku hiyo, komite imeniomba mimi, niliyefundisha historia miaka mingi, niandike ile saa imetoka wapi. Nitajaribu kuwaeleza mambo namna yalivyokuwa, pamoja na yale yaliyoshindikana, kisha kila mmoja atapima mwenyewe.

Barza na foyer

Neno barza tunalitumia kila siku bila kulifikiria. Kule pwani ya Bahari ya Hindi, baraza ni kile kibao cha mawe mbele ya nyumba, mahali ambapo mwenye nyumba anakaa na wageni bila kuwaingiza ndani. Neno likapanda na watu wa misafara mpaka kwetu. Hapa Kivu, barza ni sehemu ya mbele ya nyumba, na tena ni mkutano wenyewe. Mahali na maneno yanayosemwa hapo vina jina moja. Barza haiko ndani kabisa, na haiko njiani kabisa. Mpita njia anaweza kusimama, akasikia, akatia neno lake.

Wakati wa Wabeleji, neno hilo lilibebwa na wakubwa wa leta. Msimamizi wa teritware aliita barza, watu wakakusanyika, wakaambiwa kodi ni ngapi na kazi ya barabara ni siku ngapi. Kukusanyika kulikuwa kwa watu wengi, lakini sauti ilikuwa moja tu.

Nyuma ya vita kubwa ya 1940–1945, kulikuja njia zingine. Kwa wanaume waliosoma, wale walioitwa évolués, kulifunguliwa cercles za kusoma na kujadiliana, na kukawa gazeti lao, La Voix du Congolais, lililotoka tangu 1945 mpaka 1959. Mwaka 1948 leta ikaanzisha kadi ya mérite civique, juu ya kupima nani amekuwa "mstaarabu". Kwa wanawake wa miji, kulikuwa foyers sociaux: kushona, kupika, kutunza nyumba, kulea mtoto. Tusiwadharau. Bibi wengi wa miji yetu walilisha watoto kwa cherehani waliyojifunza pale. Lakini hakuna aliyemuuliza mama yule: wewe unataka kujua nini? Somo lilichaguliwa na mwingine, na jibu lilikuwa limeandikwa tayari.

Tangu hapo historia yetu iko na njia mbili za kukusanya watu. Moja ni kuwakusanya juu ya kuwaambia. Nyingine ni kuwakusanya juu ya kuulizana. Kwa macho zinafanana: viti, watu, mtu mmoja amesimama mbele. Tofauti inaonekana wakati mtu wa nyuma anapoinua mkono.

Majirani walifanya nini

Wale kati yetu waliokaa Kigoma walisikia wazee wenyeji wakikumbuka "Mtu ni Afya". Ilikuwa kampeni ya Tanzania ya mwaka 1973. Redio ilitoa somo. Kila kijiji kilikuwa na vikundi. Watu walikaa chini wakasikiliza pamoja, mwenye kujua kusoma akawasomea wenzake kijitabu kwa sauti, wakajadili, kisha wakapatana jambo moja la kufanya kwao: kuchimba choo, kufukia maji yanayozalisha mbu, kuchemsha maji ya kunywa. Karibu watu milioni 2 waliingia katika vikundi hivyo. Somo lilitoka kwa serikali, ni kweli. Lakini kile kikundi ndicho kilichofanya watu wachukue jembe. Mtu akisikia peke yake, anasema "vizuri" na kulala. Akisikia pamoja na jirani, kesho jirani atamuuliza: choo kimefika wapi?

Kenya ilionyesha upande mwingine. Kule Kamiriithu, karibu na Limuru, wafanyakazi na wakulima walijenga wenyewe kituo cha elimu na utamaduni, na mwaka 1977 wakacheza mchezo katika lugha yao ya Kikikuyu, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wanakijiji walisahihisha maandishi, wakaongeza maneno, juu mchezo ulikuwa unaeleza maisha yao: ardhi, mishahara, deni. Haukukaa. Serikali iliukataza mwaka huohuo, na siku ya mwisho ya Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akafungwa bila hukumu. Mwaka 1982 ule uwanja wa michezo wenyewe ulibomolewa. Watu wa kawaida wakianza kuchagua wenyewe swali la kujadili, wenye nguvu huogopa.

Bukavu: redio katikati ya duara

Turudi kwetu. Tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Ikafuata Conférence nationale souveraine, 1991 na 1992. Hapa Bukavu vyama vya maendeleo, vya haki za watu na vya wamama vilikuwa vingi na vyenye nguvu. Mwaka 1991 watu wa makanisa ya Kiprotestanti walianzisha Héritiers de la Justice, juu ya kuwafundisha watu haki zao kwa maneno mepesi. Mwaka 1993 vyama vya maendeleo vikaanzisha Radio Maendeleo.

Watoto wetu leo hawawezi kujua jambo hilo lilikuwa namna gani. Mbele ya hapo, redio ilikuwa ya leta. Ilisema, tukasikiliza. Radio Maendeleo iliongea Kiswahili chetu na lugha za vijiji, ikatoa mambo ya mashamba, ya magonjwa, ya bei sokoni. Na wasikilizaji hawakubakia wasikilizaji tu. Walijiunga katika klabu, mjini na vijijini. Wakasikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakarudisha sauti yao redioni. Ile njia ya pili, ya kurudi, ndiyo ilikuwa mpya. Mama wa kijijini aliuliza swali, na mkubwa wa ofisi mjini alilisikia pamoja na kila mtu.

Kisha miaka mibaya ikaja. Mnamo 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaza mji na kambi za kandokando: Panzi, Inera, Kashusha. Mwezi wa nane mwaka huo Radio Agatashya ilianza kutangaza kutoka Bukavu, ikitoa habari zisizo za chuki kwa watu waliokuwa wameshiba sumu ya redio zingine. Oktoba 1996 vita ikaingia mjini. Tarehe 29 Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa, na sauti ya Agatashya ilizimika siku hizo. Agosti 1998 vita ya pili ikaanza. Julai 1999 wenye kutawala mji wakafunga Radio Maendeleo, na ilikaa kimya miaka karibu miwili. Mwishoni mwa 2002, wakati wakubwa walikuwa wanatia sahihi mapatano kule Pretoria, ikafungwa tena.

Mnakumbuka watu walifanya nini wakati redio imefungwa? Waliendelea kukutana. Kwa Wakatoliki kulikuwa shirika, ile jumuiya ndogo ya kartye inayokutana nyumbani kwa mtu. Kwa Waprotestanti, vyumba vya sala. Watu walisoma Neno, kisha wakaulizana: nani amepotea, nani amerudi, barabara gani iko wazi, tumsaidie nani. Mwezi wa pili mwaka 2000 Askofu Mkuu Kataliko alikatazwa kurudi Bukavu, akabakizwa Butembo miezi saba. Habari yake ilitembea mdomo kwa mdomo katika barza hizo ndogo. Redio iko na mlango, unaweza kufungwa kwa kufuli. Kwa barza, itabidi ufunge kila nyumba.

Na bei yake ilikuwa kubwa. Pascal Kabungulu wa Héritiers de la Justice aliuawa hapa mjini mwezi wa saba 2005. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo Novemba 2008. Nawataja juu tusifikiri kwamba kuongea mbele ya watu ni kitu cha bure tulichookota njiani.

Katika miaka hiyohiyo wamama walishika kazi. Mwaka 2003 waandishi wa habari wanawake, Chouchou Namegabe akiwa mbele, walianzisha AFEM, chama cha wanawake wa vyombo vya habari vya Kivu ya Kusini. Walienda vijijini na redio ndogo na vifaa vya kurekodi, wakaunda klabu za wamama wa kusikiliza. Mambo ambayo mama hakuwa ameyasema hata kwa dada yake, ya yale aliyofanyiwa vitani, aliyasema pale, kati ya wenzake waliofanyiwa hayohayo. Hakuna aliyewapa somo la ujasiri. Waliupata kwa kusikilizana.

Kambi, boti, na mti wa Baraka

Sasa nifike kwetu sisi waliokimbia. Wengi wetu wa Fizi na Uvira tulivuka ziwa Tanganyika mwishoni mwa 1996 na 1997. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, Lugufu 1997. Kule kambini watoto walisoma programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ndani ya Tanzania. Walimu walikuwa ni sisi. Kitabu kimoja, watoto wengi, kalasi ya nyasi. Jioni wazee walikaa nje, wakaeleza vijiji vyetu, mto gani unapakana na shamba la nani, nani alizaa nani. Tulifikiri ni kupoteza saa tu. Leo najua ilikuwa ramani. Mtoto aliyezaliwa Lugufu alifika kwao akijua jina la mto.

Boti za kurudi kwa hiari zilianza safari ya Kigoma kwenda Baraka Oktoba 2005. Mimi nilishuka mwaka 2006. Tulishuka na masanduku, mabati, na Kiswahili cha Tanzania. Watoto wetu walisema "shikamoo" na "samahani", wenyeji wakawacheka. Tuliitwa watu wa mgao, waliokula bure wakati wengine wanakula vita. Na sisi tulisema maneno mabaya pia: kwamba waliobaki waligawana mashamba yetu.

Wakati huo vikundi vya mchezo wa Centre Lokole, yaani Search for Common Ground, vilikuwa vinapita Uvira na Fizi. Njia yao ilitoka mbali, kwa Mbrazili Augusto Boal, lakini ilifanana na barza. Wachezaji walifika kwanza bila kucheza. Walikaa na watu, wakauliza ugomvi uko wapi. Kisha wakatunga mchezo kutoka maneno hayo, wakaucheza sokoni, na palipokuwa pakali wakasimama: nani anaweza kuja hapa mbele aonyeshe namna nyingine?

Niliona onyesho moja, chini ya mti, Baraka. Mtu amerudi kutoka kambi, anakuta familia nyingine ndani ya lupango yake. Wanatupiana maneno. Wachezaji wakasimama. Mama mmoja, mtu wa soko tu, akaingia, akachukua nafasi ya mwenye kukaa ndani ya nyumba. Akamwambia yule mrudi: "Mu hii lupango nilizikaka batoto babili. Wewe ulikuwaka wapi?" Watu wote kimya. Mchezaji mwenyewe alikosa la kusema. Kisha mzee mmoja wa kwetu akasimama pale alipokuwa, hakuenda hata mbele. Akasema: "Mama, na miye nilizika wangu, Lugufu. Sikurudi nao."

Siku ile lupango haikugawanywa. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Lakini tangu siku ile, kwenye soko lile, sikusikia tena neno "mtu wa mgao".

Yaliyoshindikana

Niliahidi kueleza pia yaliyoshindikana. Klabu nyingi za redio zilikufa. Pile zilikwisha, mwenye kulipa pile akamaliza mradi, na kikundi kikangoja mradi mwingine. Vikundi vya mchezo viliondoka wakati mafuta ya gari yalikwisha. Ugomvi wa ardhi ulibaki, juu haukuwa ugomvi wa maneno tu. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa leta, na mtu anapewa haki ya kuutumia. Kwa desturi zetu udongo ni wa ukoo na mwami anaugawa. Mwenye karatasi na mwenye kaburi la babu wote wanasema "ni yangu". Mazungumzo hayafuti sheria wala hayajengi nyumba. Anayewaahidi hivyo anawadanganya.

Tena mazungumzo yanaweza kuumiza. Yule mama wa mwezi uliopita ana haki. Siku ya mambo ya lupango tulifanya kosa: tulianza na sheria, tukamaliza na kesi ya mwanachama mmoja aliyekuwa amekaa palepale mbele yetu. Tulimfanya mtu kuwa somo. Hata wale wachezaji wa Baraka walijua jambo hilo: walicheza ugomvi wa watu wote, hawakutaja jina la mtu.

Lakini tukumbuke chama chetu kilizaliwa namna gani. Hakikuanza na sanduku. Kilianza na kilio, wakati mwenzetu mmoja alikufa hapa Kadutu na hakuna aliyejua ndugu zake wako kijiji gani. Usiku ule, kando ya moto, tuliulizana mmoja mmoja: wewe ni wa wapi, ulipita wapi, uliacha nani. Asubuhi ndipo tulikusanya makuta. Mchango ulitoka ndani ya maneno. Likelemba ile inasimama juu ninajua historia yako na wewe unajua yangu. Ndiyo sababu ninakupa zamu yangu wakati mtoto wako anagonjwa, bila kukuuliza karatasi. Tukiondoa saa ile, sanduku litabaki, lakini litakuwa sanduku la watu wasiojuana. Na ninyi mnajua mwisho wa sanduku kama hilo.

Na faida moja tuko nayo ambayo zile klabu hazikuwa nayo. Saa yetu haingoji pile, haingoji mradi. Inaomba viti, na kila mtu analeta chake.

Kwa hiyo sombi langu ni kuitengeneza saa hiyo, si kuiondoa. Kwanza, swali litajwe mwezi mmoja mbele, na lichaguliwe na wanachama kwa zamu, wamama kwanza. Pili, kesi ya mwanachama isijadiliwe kamwe pale; iende kwa wazee watatu, pembeni. Tatu, katibu aandike ndani ya buku yale tuliyosema na lile tulilopatana, na mkutano unaofuata uanze na kusoma ukurasa huo. Jibu lisiporudi, tutakuwa tumeirudia ile barza ya msimamizi wa teritware. Nne, saa ikiisha imeisha, hata kama tamu.

Mkutano mkuu ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, nyuma ya ibada, mahali petu pa kila siku. Mwenye kupinga aje apinge. Ndiyo kazi ya barza. Yule mama aliyesema mwezi uliopita, namuomba akubali kuchagua swali la kwanza. Na tafadhali, leteni viti. Mwezi uliopita bazee wawili walisimama mpaka mwisho.